Ukurasa Wenye Wasomaji Wawili

Mali bila daftari hupotea bila habari, wasemavyo wahenga, nami niliyeitumikia maktaba sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi nathubutu kuongeza kwamba hata mali iliyomo daftarini hupotea, ikiwa kila karani ameiandika kwa ada yake mwenyewe na hapana mwafaka juu ya namna ya kuitafuta. Kwa hiyo vijana wa Mwanza waliokuwa wakitengeneza kurasa za mtandao waliponijia na mashaka yao, wakidhani wananiletea jambo geni la zama zao ambalo mzee wa kadi na rafu hawezi kulifahamu, niliwasikiliza kwa utulivu na kutambua kwamba shida yao ilikuwa ileile yetu: nani ana haki ya kuamua jina la mtu liandikwe vipi, mahali patajwe vipi, na saa isomwe vipi, ili atakayekuja kesho asiyetujua apate anachokitaka.

Mimi ni mzaliwa wa Kigongo, katika wilaya ya Misungwi, pale ambapo msafiri wa Sengerema, Geita na Bukoba alikuwa hana budi kusimama ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza na kungoja feri ya kumvusha mpaka Busisi. Mtu aliyelelewa mahali pa kungojea hujifunza thamani ya tangazo lililoandikwa vizuri. Tulikua tukisoma mbao: ubao wa nauli, ubao wa bei ya sangara, ubao wa nyumba ya kulala wageni, na kila ubao ulieleweka barabara, kwa sababu aliyeuandika na aliyeusoma walikuwa watu wa dunia moja.

Ukurasa wa mtandao una wasomaji wawili. Wa kwanza ni mwanadamu, ambaye akiona maneno "Kliniki ya watoto, Jumanne, saa mbili asubuhi" hahitaji kuambiwa lipi ni jina la shughuli, ipi ni siku na upi ni wakati, kwa kuwa malezi yake yamekwisha kumfundisha. Wa pili ni mashine, yaani ule mtambo wa kutafutia habari, kalenda iliyomo katika simu, au programu inayomsomea asiyeona. Na huyu haoni ila herufi zilizofuatana, mpaka mwandishi amtilie ndani ya msimbo wa ukurasa alama za kumjulisha kwamba hapa ndipo jina linapoanza, hapa pana namba ya simu, hapa ni mahali, na hapa ni saa. Alama hizo msomaji wa kwanza hazioni. Wala hazina faida kwa yeyote maadamu kila mwandishi anatunga zake, kwani mmoja akiandika "simu", wa pili "namba" na wa tatu "mawasiliano", mashine itaondoka mikono mitupu katika kurasa zote tatu.

Haja hii ilionekana mapema. Mwaka 2001 Tim Berners-Lee, aliyeuasisi mtandao wa kurasa, pamoja na James Hendler na Ora Lassila, waliandika katika jarida la Scientific American juu ya mtandao ambao mashine zingefahamu maana ya yaliyomo. Na baada ya hapo zikazuka njia mbalimbali za kulifikia kusudi hilo. Moja ilitoka kwa wanazuoni wa shirika la W3C, nayo ni RDFa, iliyopitishwa mwezi wa Oktoba 2008, yenye uwezo mkubwa wa kueleza karibu kila kitu, lakini iliyomdai mwandishi wa kawaida elimu asiyokuwa nayo. Nyingine ilianzishwa mwaka 2005 na watengenezaji wa kurasa wenyewe, Tantek Çelik akiwa miongoni mwa vinara wao, wakaiita mikroformati. Nao walijiwekea sharti kwamba kabla ya kupendekeza alama yoyote zikusanywe kwanza kurasa halisi zilizopo, ionekane watu wanaandika nini bila kuamriwa na mtu, kisha zitazamwe kaida za zamani zinazoweza kuazimwa, ndipo rasimu iandikwe, nayo iwe fupi. Walikuwa na msemo kwamba lami iwekwe pale ambapo ng'ombe wamekwisha kukanyaga, na msemo huo sisi wa Usukuma hatukuhitaji kufafanuliwa, maana njia nyingi za kwetu zinazoshuka ziwani zilichorwa na kwato za mifugo iliyokuwa ikienda kunywa, wala hakuna aliyekaa na kuzibuni mezani. Njia ya tatu ilitoka kwa wenye nguvu: tarehe 2 Juni 2011 makampuni ya Google, Microsoft na Yahoo yalitangaza msamiati wa pamoja uitwao schema.org, na Yandex ya Urusi ikajiunga nao kabla ya mwaka kwisha. Kwa kuwa hao ndio wenye mitambo ya kutafutia, kila aliyetaka ukurasa wake uonekane alijikuta hana hiari ila kuufuata.

Vijana wetu walikuwa katikati ya njia hizo. Walikuja maktaba kwa ajili ya utulivu na umeme, wakawa wakitengeneza kurasa za nyumba za wageni, mabasi, shule na zahanati, wakinakili alama kutoka kurasa za Ulaya na Marekani. Nami nikawa nawaona wakikunja nyuso kila wanapofika kwenye anwani.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Kigongo aliletwa na mpwawe ili ukurasa wake ukamilishwe mbele ya macho yake, nami nilikuwa nimeketi meza ya pili.

"Mama, shikamoo. Mtaa wenu unaitwaje?"

"Marahaba. Mtaa gani, mwanangu? Kwetu ni ferini."

"Na namba ya nyumba?"

"Namba ninayo ya sanduku la posta, ya tangu enzi za marehemu mume wangu. Andika hiyo."

Kijana akatazama skrini, akamtazama mama, akaitazama tena skrini, kwa sababu fomu aliyokuwa ameinakili ilikuwa na nafasi ya mtaa na nafasi ya namba ya nyumba, na haikuwa na nafasi ya sanduku. Hatimaye akaandika: mtaa, Feri, namba, 0. Mama akauliza sifuri ile ni ya nini, na kijana akajibu kwa adabu kwamba ni ya kuifurahisha kompyuta.

Maneno hayo niliyafikiri sana. Tuliposoma baadaye kwa pamoja, tuliona kwamba kaida ya kadi ya anwani iitwayo vCard, ambayo watu wa mikroformati waliiazima, ilikuwa na nafasi ya sanduku la posta katika toleo lake la mwaka 1998; lakini toleo la nne, lililotoka Agosti 2011 kwa waraka uitwao RFC 6350, likashauri nafasi hiyo iachwe tupu, kwa hoja kwamba programu mbalimbali hazikuwa zikiafikiana katika kuisoma. Hoja ilikuwa ya kweli, na walioitoa hawakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, kwa Tanzania, ambako kwa kawaida barua haikuwa ikimfuata mtu mlangoni bali mtu ndiye aliyeifuata barua posta, ushauri ule ulikuwa unaifuta anwani ambayo wengi wetu tulikuwa tukiitumia, na kutuachia nafasi za mtaa na namba ambazo hatukuwa na cha kuzijazia. Ikawa kheri kwamba schema.org ilikuwa imelipa sanduku la posta nafasi yake mahususi. Bali aliyenakili ukurasa wa London hakuiona, kwa kuwa mwenye ukurasa wa London hakuihitaji.

Kutokana na mambo ya namna hiyo tukaanza kukutana, vijana hao na mimi, pamoja na mwalimu mmoja mstaafu wa Misungwi, msichana aliyekuwa karani wa kampuni ya mabasi, na wengine waliokuja na kuondoka. Hatukuwa chama wala hatukuandikishwa popote. Kila mkutano ulikuwa na ada moja: asiseme mtu ukurasa uandikweje mpaka kwanza alete matangazo halisi, ama ya mtandaoni, ama yaliyopigwa picha ukutani. Mezani zikajaa picha za mbao za shule, vibandiko vya mabasi, tiketi, kadi za harusi na matangazo ya misikiti na makanisa. Na baada ya muda tukajua, kwa ithibati na si kwa kudhani, kwamba watu wa kando ya ziwa hutaja mahali kwa mji na kwa kitu kinachojulikana, "mkabala na", "nyuma ya", "kabla hujafika", na kwamba mtaa wautaja mara chache. Mwafaka ukawa mwepesi: sanduku la posta liwekwe katika nafasi yake, jina la mji au kijiji liwekwe katika nafasi ya mji, maelezo ya "mkabala na" yawekwe katika nafasi ya maelezo bila kukatwakatwa, vipimo vya ramani viongezwe kwa mwenye simu ya kuvipimia, na mahali pasipo na jibu paachwe tupu, kwani pengo litamfanya mtu aulize, ilhali sifuri ya uongo itaaminiwa na mashine isiyo na haya.

Shauri la saa ndilo lililotuchosha, nalo lilianzia nyumbani kwangu. Mkwe wangu alikuwa na mtoto mchanga, akaona katika ukurasa wa zahanati moja tangazo la chanjo, Jumanne saa mbili asubuhi, akabonyeza palipoandikwa aongeze katika kalenda yake. Na simu, kwa uaminifu wote, ikamwamsha saa nane za usiku. Aliyetengeneza ukurasa alikuwa ameandika 02:00 ndani ya alama ya wakati, kama ilivyoandikwa ukutani. Na mashine, ambayo huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, ilikuwa imefanya ilivyoagizwa.

Kikao kilichofuata kikawa kirefu. Kijana mmoja, mwepesi wa akili na mwepesi wa ulimi, alitoa rai kwamba tuache kabisa saa za Kiswahili katika kurasa, hata katika maandishi yanayosomwa na watu, ili msomaji wa kwanza na wa pili waone kitu kimoja. Na rai yake haikuwa ya kupuuzwa, kwa kuwa watu wa mikroformati wenyewe walishikilia kwamba habari iliyofichwa ndiyo habari inayooza, maana hakuna jicho linaloikagua. Mwalimu akamwacha amalize, kisha akasema: "Mwanangu, ukurasa huu umeandikiwa mama mwenye mtoto mgongoni. Ukimwandikia saa nane asubuhi kwa ajili ya mashine, huyo mama atakuuliza asubuhi gani ina saa nane. Mashine haina mtoto wa kuchanjwa."

Mwingine akapendekeza kwamba, kwa vile saa zetu zilitokana na macheo, programu ipige hesabu ya jua la kila mji. Hapo tukafungua atlasi. Mwanza iko karibu na longitudo ya 33 mashariki, ilhali saa ya Afrika Mashariki hupimwa kwa longitudo ya 45, na kwa hiyo jua la Mwanza huchomoza saa kumi na mbili ikiwa imekwisha kupita kitambo, baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Na bado mtu wa Mwanza na mtu wa Dar es Salaam husema saa mbili kwa wakati mmoja. Ikadhihirika kwamba saa yetu ya leo haifuati tena jua la kila kitongoji, bali ni saa ileile ya nchi nzima inayotofautiana kwa saa sita kamili na ile ya mashine. Tukakata shauri: maandishi yanayoonekana yabaki "saa mbili asubuhi", na alama ya ndani iandikwe 08:00+03:00, yaani pamoja na tofauti ya saa 3 kutoka saa ya dunia, ili hata Mtanzania aliyeko Muscat au Toronto asipotoshwe.

Tulidhani tumemaliza, kumbe karani wa mabasi alikuwa na lake. Basi lao liliondoka "Ijumaa saa kumi usiku". Je, hiyo ni alfajiri ya tarehe ya Ijumaa, au ni usiku wa kuamkia Jumamosi? Kwa mashine siku hubadilika saa sita za usiku. Kwa abiria aliyelala, siku haibadiliki mpaka aamke. Akatueleza kwamba ofisini kwao abiria kadhaa walikuwa wamefika stendi usiku uliokosewa, kila mmoja akiwa na tiketi halali na hoja sahihi. Hakuna waraka wa kimataifa ambao ungetusaidia katika hilo, bali lugha yenyewe ilikuwa na dawa yake: tukaafikiana kwamba safari yoyote iliyo kati ya saa sita za usiku na macheo iandikwe "usiku wa kuamkia", na alama ya ndani ichukue tarehe ya siku inayoamkiwa. Mwafaka huo mmoja, nasikia, uliwasaidia watu kuliko mengine yote tuliyoyaandika.

Ilitubidi pia tufikiri ni wapi alama ya ndani ikae, kwa kuwa haikutosha iwe sahihi. Mwaka 2008 shirika la utangazaji la BBC liliondoa katika kurasa za vipindi vyake alama za kalenda za mikroformati, kwa sababu mtindo wa wakati ule uliitia tarehe ya mashine mahali ambapo programu za wasioona zingeweza kuisoma kwa sauti, na badala ya kusikia siku na saa msikilizaji akarushiwa mfululizo wa tarakimu na vistari. Wenye mikroformati walilipokea lile lawama, wakatunga mtindo mwingine mwaka 2009, na lugha ya kuandikia kurasa, HTML5, iliyopitishwa Oktoba 2014, ikaja na alama mahususi ya wakati. Kwetu habari hii haikuwa ya mbali, kwani wilaya yetu ina Shule ya Msingi Mitindo, ambayo imelea watoto wasioona kwa miaka mingi. Na mwalimu, aliyewafahamu watoto hao, alikataa katakata mtindo wowote ambao ungemsumbua msomaji asiyeona ili kuirahisishia kalenda ya anayeona.

Juu ya majina nilikuwa na la kusema, kwa kuwa kadi za maktaba zilikuwa zimenifundisha. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, yumo katika fahirisi za maktaba za dunia kama "Robert, Shaaban", yaani baba yake ametangulizwa kana kwamba ni ukoo, ilhali Waswahili tangu awali humtaja Shaaban. Kaida ya mikroformati nayo ilikuwa na kanuni kwamba jina la maneno mawili likiandikwa bila maelezo, mashine ichukulie neno la kwanza kuwa la mtu na la pili kuwa la ukoo. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu, na aghalabu hakuna hata moja kati ya hayo lililo la ukoo kwa maana ya Ulaya. Sisi tukaandika kwamba jina litiwe zima katika nafasi ya jina kamili, lisigawanywe na asiyeulizwa.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu kila moja lina sura ileile: kaida ilitungwa kwa haki na watu wenye busara waliotazama kurasa walizokuwa nazo, na kurasa zetu hazikuwa mezani pao. Jambo hili si la kompyuta peke yake. Ilipoundwa mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, ilianza kazi bila wajumbe Waafrika. Tahajia na kamusi ilizozitoa zimetufaa, nami sizikani, lakini watu wa Mombasa, Lamu na kwingineko ambao lahaja zao hazikuwa mezani walibaki na malalamiko ambayo hata leo hayajaisha. Kinyume chake ni walichokifanya Nairobi watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa MIT na Columbia, ambao mwaka 2014 walitoa ramani na data za njia za matatu. Kaida waliyoitumia, GTFS, ilizaliwa Portland, Marekani, mwaka 2005, kwa mabasi yenye ratiba ya dakika; matatu haina ratiba, wala kituo chake si lazima kiwe na nguzo. Hawakubuni dakika za uongo ili kuijaza kaida, na hawakuitupa pia. Walizifuata njia kwa simu zao ndani ya matatu zenyewe, wakatumia sehemu ya kaida inayokubali kusema gari hupita kila baada ya muda fulani, kisha wakawaendea wenye kaida kuzungumza nao juu ya palipobana. Vivyo hivyo wachora ramani huria wa OpenStreetMap katika kanda yetu walijiandikia mwongozo kwamba hadhi ya barabara ipimwe kwa kazi yake katika kuunganisha miji na vijiji, isishushwe kwa kuwa barabara haina lami, maana kwa kipimo cha Ulaya barabara kuu nyingi za kwetu zingeonekana vichochoro.

Mwafaka wetu ulienea upande mmoja wa ukurasa wa karatasi. Nilipotazama baadaye ni nani aliyeufuata, niliona kwamba walioufuata ni wale waliokuwa wamebishana juu yake, pamoja na wale waliofundishwa nao kwa mdomo. Waliokabidhiwa karatasi kama amri waliiweka mtotoni mwa meza. Kaida haina askari. Nguvu yake ni kumbukumbu ya aliyeshiriki kuitunga kwamba kila neno lilipatikana kwa hoja, na kwa hiyo gharama ya kikao kirefu ni ndogo kuliko hasara ya kaida nzuri isiyofuatwa na mtu.

Yapo mawili ambayo wakati umeongeza. La kwanza ni anwani. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, serikali iliendesha zoezi la anwani za makazi, nguzo za majina ya mitaa zikasimikwa na nyumba zikabandikwa namba, pamoja na postikodi za tarakimu tano. Nafasi tuliyoiacha tupu sasa ina jibu la kweli kwa wengi, na kwa sababu haikuwa imejazwa uongo, kuijaza ni kazi ya dakika.

La pili ni daraja. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, kutoka Kigongo hadi Busisi, na safari iliyomgharimu msafiri saa za foleni sasa ni ya dakika chache kwa gari. Nikafurahi kama kila mtu wa kwetu. Lakini mbao zilipong'olewa ukingoni, kurasa hazikung'olewa, na nilipotafuta njia ya Sengerema niliziona bado zikimwambia mgeni afike mapema awahi feri, na nyingine zikiitaja nyumba ya wageni kuwa "mkabala na maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka". Ubao wa mti hukauka na kuanguka, mtu akajua umepitwa. Alama iliyomo ndani ya msimbo haichakai, na mashine huisoma leo kwa yakini ileile ya siku ilipoandikwa. Msamiati wa schema.org unazo nafasi za kuonyesha habari ni halali tangu lini mpaka lini, na kurasa nyingi nizionazo huziacha. Lau ningekuwa na uwezo wa kuongeza kifungu kimoja katika karatasi yetu, kingekuwa hicho: kila tangazo la saa, bei au njia liandikwe pamoja na tarehe ya kwisha kwake, au ya kukaguliwa upya.

Basi, wewe unayetengeneza kurasa za shule, zahanati au biashara katika kanda hii ya ziwa, pokea nasaha hizi za karani mzee. Anza na tangazo lililoko ukutani kabla ya kutazama fomu ya wageni. Mwandikie mtu kwa saa na maneno yake, kisha umpe mashine tafsiri iliyo sahihi ndani. Usijaze nafasi kwa uongo. Tia tarehe ya kwisha. Na kaida inapokosa nafasi ya jambo la kweli la kwenu, usinung'unike pembeni: schema.org, mikroformati na ramani huria zote hupokea mapendekezo hadharani, bila kiingilio, na uzoefu wangu ni kwamba hoja inayofika na mifano kumi ya kurasa halisi husikilizwa kuliko lawama elfu.